Sabufa ya Sindeni na Mpaka wa Hezi Themanini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Sindeni, waheshimiwa wajumbe wa serikali ya kijiji, waheshimiwa mnaotarajia kuwa wajumbe, mashehe na wachungaji mlioombwa dua fupi mkatupa ndefu, wazee wangu wafugaji shikamooni, mama zangu wakulima shikamooni, wadau wa maendeleo mliotembea kwa miguu kutoka Kang'ata, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Paulo Mhina, Kaimu Mratibu Msaidizi wa Mradi wa Sinema ya Nyumbani kwa Wasio na Umeme Nyumbani, nina heshima ya kipekee, katika zama hizi za soko huria na utandawazi ambapo kila kitu kimeachiwa kijitafutie soko, hata sauti, kuzindua mtambo huu mnaouona jukwaani ndani ya maboksi yake, yaani risiva moja, spika ndogo tano na sabufa moja ya kilo thelathini. (Vigelegele. Mtu anauliza mbona havifunguliwi.) Vitafunguliwa, mgosi, tuko kwenye mchakato.

Ndugu wananchi, ndani ya risiva kuna kitu kinaitwa krosova, na krosova ni mpaka. Fundi Mashavu, mama yetu mwenye duka la redio pale Old Korogwe, alinieleza saa nzima kwamba spika ndogo hazina kifua cha kubeba sauti nene, ukizilazimisha zinakoroma, kwa hiyo unaweka mpaka kwenye hezi themanini, yaani mitetemo themanini kwa sekunde, sauti za chini ya hapo ziende kwenye sabufa na za juu zibaki kwa spika ndogo. Nilimsikiliza kwa makini, kisha nikamwambia, mama, themanini ni takwimu ya enzi za ukiritimba. Chini ya uongozi wangu krosova imepanda kutoka themanini hadi mia mbili na hamsini, ongezeko la zaidi ya asilimia mia mbili kwa robo moja ya mwaka, na wenzetu wa jirani hata mia hawajafika. (Makofi. Fundi Mashavu, aliyekaa mbele, anajishika kichwa.) Mama bado anashangaa kasi yetu. Na mzee wangu Sironka, aliyeniuliza asubuhi kama mpaka huo utawazuia ng'ombe wake kufika lamboni, nimemhakikishia kwa maandishi kwamba ng'ombe wanavuka.

Sasa nije kwa walengwa. Tunaye hapa Bibi Chausiku, ametoka Kang'ata alfajiri na kaseti moja aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Humo marehemu mumewe anaimba harusini, na nyote mnaikumbuka sauti ya mzee yule, nene, ya chini kabisa, kiasi kwamba kiredio cha bibi hakiiwezi, kinatoa vigelegele tu. Ameniambia, "Mwanangu, mwaka wa sita huu sijamsikia. Leo nitamsikia?" Nikamjibu kwamba ombi lake limepokelewa. Hilo ndilo lengo mahsusi namba moja la mradi.

(Bibi Chausiku anapanda jukwaani, ananyanyua boksi la sabufa kwa mkono mmoja.)

Bibi, taratibu, hiyo ni teknolojia nyepesi. (Kicheko kirefu.) Naomba utulivu, jamani, nina kurasa kumi na moja bado.

(Fundi Mashavu anaipokea kaseti, anaitia kwenye redio yake ya betri. Vigelegele vinasikika, mwimbaji hasikiki. Wanaume wa Kang'ata, waliokuwa wakiimba naye, wanaishika sauti yake ya chini. Mzee Sironka na wafugaji wenzake wanaongeza mngurumo wa kifuani. Bibi Chausiku anakaa juu ya boksi, linabonyea. "Ndiye huyo," anasema. "Hapo hapo ndipo alipokuwa anashukia.")

Ndugu zangu, hili halimo kwenye hotuba, lakini nimefurahi mpaka machozi yananitoka. Na kwa kuwa nimeshika kipaza sauti, natamka rasmi kwamba hiyo mliyoisikia ndiyo sabufa shirikishi, na iingizwe kwenye taarifa ya utekelezaji kwa asilimia mia moja. (Makofi, filimbi.)

Sauti nene! (Wananchi: Sisi wenyewe!) Krosova! (Wananchi: Ng'ombe wanavuka!)

Namalizia kwa kumshukuru kwa dhati Fundi Mashavu kwa kutuazima maboksi haya, ambayo naahidi yatarudi Old Korogwe leo hii, likiwemo lile lililobonyea, maana kuku wake wamekosa pa kutagia tangu Jumatatu.