Kabati la Marehemu na Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Juni

Hukumu imetoka kabla sijamaliza chai. Binti yangu, fundi cherehani, anataka sebule yote iwe ya kushonea. Kabati la marehemu mama yake liondoke kabla ya Jumamosi, la sivyo atalipasua kuni. Nikamwambia kabati lile lina heshima kuliko wateja wake. Akasema basi, heshima hiyo itembee yenyewe hadi chumbani kwangu.

Ni hatua kumi na nane za korido, kisha mkono wa kushoto. Nimezipima.

Nimelisukuma kwa mikono. Halikujali. Nimelisukuma kwa mgongo. Kilichosogea ni kiuno changu.

Rula kaja kutazama msiba. Huyu ni seremala, karakana yake iko ng'ambo ya ua wetu, na rula haimtoki sikioni hata mazishini. Kabati alilitengeneza yeye, miaka arobaini iliyopita, na kila akiingia hulisalimia kabla ya kunisalimia mimi. Anasema yuko tayari kulihifadhi kwake. Mzee mzima, mate yanamtoka! Nikamjibu atalipata siku jua likichomoza magharibi. Kulifumua nako hakuwezekani. Halina msumari hata mmoja, mbao zimeng'atana zenyewe. Likifumuliwa ndiyo basi.

Ndani bado linanukia sabuni ya marehemu. Haliendi kokote ila kwangu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeiba kitabu cha fizikia cha mjukuu wangu. Wizi wa elimu si wizi. Mjukuu ana jina la bibi yake, kwa hiyo namwita Bibi, naye hunijibu kama marehemu hasa: kwa kuniambia nitulie. Ana mtihani Ijumaa mchana.

Mimi shuleni nilihitimu kusoma, kuandika na kuruka uzio. Fizikia sikuifikia. Kumbe ndiko utamu ulikofichwa! Kitabu kinasema ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma. Kabati linisukume mimi? Tangu lini? Nikaliendea, nikaliegemea kwa kidole kimoja, nikatulia kabisa. Kweli. Linasukuma. Halina adabu.

Tena kinasema kizito na chepesi huanguka sawasawa. Hapo nikacheka. Nikapanda ngazi za uani na ndala yangu na nyundo ya Rula, niliyoiazima bila kumsumbua. Nikaviachia pamoja. Pa! Mlio mmoja. Nikarudia mara sita. Pa, kila mara. Mara ya saba Rula akatokea, akasema nyundo lazima itangulie, hata mtoto mchanga anajua. Nikaviachia mbele yake. Pa! Akasema ni upepo. Kisha akaondoka na nyundo.

Jumatano, 5 Juni

Muuza nyama ana mizani ya ndoana. Amekataa kuitoa dukani, kwa hiyo utafiti umefanyika sakafuni kwake. Kiatu changu, tofali juu yake, ndoana kwenye kamba za kiatu, navuta. Mteja mmoja akauliza kama hiki ni cha paja au cha mbavu.

Matokeo: sakafu kavu, kiatu hakiondoki mpaka mizani isome kilo mbili. Kikishaanza kwenda, moja na nusu inatosha. Kumbe kuanza ni kazi kuliko kuendelea! Ndiyo maana kuniamsha asubuhi ni shughuli, na kuninyamazisha jioni pia. Sakafu yenye sabuni: nusu kilo tu. Nusu!

Adui anaitwa msuguano. Vitu viwili vikigusana vinakwaruzana, vinashikana, havitaki kuachana. Nikamkumbuka marehemu. Droo ikikwama alikuwa anapaka sabuni, inateleza kama ulimi wa mchumba. Na kitabu hakukisoma.

Bibi amenikamata na kitabu chake. Amesema nikishamaliza ukurasa wa arobaini nisome na wa arobaini na moja, unaohusu vitu vilivyo kwenye mwendo na jinsi ya kuvisimamisha. Nikamwambia kusimama si shida yangu. Mimi nimekuwa nikisimama bila msaada tangu nizaliwe.

Alhamisi, 6 Juni

Sabuni korido nzima. Miche miwili, ukuta hadi ukuta. Nikapaka mpaka chini ya miguu ya kabati, mpaka pale ninaposimama mimi. Kazi safi! Nikavuta pumzi, nikasukuma.

Kabati likabaki. Nikaondoka mimi. Nimeteleza kinyumenyume hadi jikoni. Binti yangu akauliza natafuta nini chini ya meza. Nikasema elimu.

Bibi amecheka mpaka akakaa chini. Anasema nimejinyima msuguano mwenyewe. Eti mguu nao unahitaji kushikwa na sakafu, bila hivyo hakuna mtu angepiga hata hatua moja. Neno hili limenikaa kichwani mchana kutwa. Miaka sabini na mbili natembea, nikidhani ni miguu yangu! Kumbe ardhi ilikuwa inanishika. Nimezunguka ua polepole, mara tatu, nikiionja kila hatua. Rula akauliza kama nimepoteza sindano.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimetumia akili. Korido nimeiosha. Nikapaka mistari miwili tu, palipo na njia ya miguu ya kabati. Katikati pakavu, pangu mimi, na viatu vya tairi nimevaa. Mlango wa nyuma nikaufungua wazi, hewa ipite.

Nikasukuma. Kabati likaguna. Likasogea. Linakwenda! Mkono mmoja, jamani, mkono mmoja!

Hatua ya tano nilikuwa nalisukuma. Hatua ya kumi nilikuwa nalisindikiza. Ya kumi na tano nilikuwa nalikimbiza. Nilisahau kwamba korido ina mteremko kidogo, maji ya kudekia yatoke. Mlango wa chumba changu likaupita kama mtu asiyenijua. Bibi alikuwa uani na begi la shule, akaruka pembeni. Likatoka kwa mlango uleule lilioingilia siku ya harusi yangu, likashuka njia ya toroli inayokatiza ua, graviti ikalipokea kwa mikono miwili. Nililiita. Halikugeuka.

Limesimama katikati ya karakana ya Rula, kwenye maranda ya mbao. Wima. Halina hata mkwaruzo. Droo moja ikafunguka yenyewe.

Rula akaweka randa chini, akavua kofia. Akaliambia karibu nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni

Binti yangu anasema limetoka zima na kabla ya siku, basi libaki huko huko. Cherehani mbili zimeshakaa pale lilipokuwa. Rula ameniruhusu kulitazama asubuhi na jioni, nikipiga hodi. Nipige hodi kwa kabati la mke wangu!

Nilikwenda. Nikatia kichwa ndani. Sabuni bado inanukia. Rula akasimama karibu, hakunifukuza. Mradi tu asidhani tumepatana.

Jumatatu, 10 Juni

Mtihani umerudi. Bibi amepata alama zote kwenye swali la kitu kinachokataa kusimama kikishaanza kwenda. Mfano alioutoa: kabati la babu. Mwalimu ameandika pembeni kwamba mfano ni wa kubuni, ila mzuri.

Mimi niko ukurasa wa hamsini na nane. Kapi! Gurudumu lenye kamba: upande huu kizito kinashuka, upande ule kizito kinapanda, na mtu hatoki jasho. Kabati litapanda ile njia ya toroli na kurudi kwangu kabla Rula hajaamka. La kisimani nimeshaliazima bila kumsumbua mtu. Kumebaki kupata kitu kizito cha kushusha kwa dirisha la sebule. Nimezipima cherehani za binti yangu kwa macho. Zinatosha, zote mbili.

Bibi ameniomba nisome na ukurasa wa hamsini na tisa. Nimeutupia jicho. Unaanza na neno Tahadhari.

Nimeukunja.