Baiskeli Iliyojaa Zege

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeendesha! Hatua ishirini na mbili, kutoka mlango wa banda langu hadi kwenye pipa la maji, nimelala chali, miguu mbele. Mgongo haukuuma hata kidogo. Miaka kumi na tisa ya kubeba karai la zege imenimaliza kiuno. Sasa nimepata dawa yake.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua ilianzaje. Mwaka jana pale Usa River nilimwona mtalii akipita amelala juu ya baiskeli. Pedeli ziko mbele kabisa, cheni fupi inavuta tairi la mbele, uso umetulia. Nikampiga picha kwa simu. Kilitoka kisogo tu. Kilitosha! Mimi Sumari nimejenga nyumba kumi na moja, na kumi bado zimesimama. Nitashindwaje na baiskeli?

Kasoro ni moja, ndogo. Nikikanyaga kwa nguvu, fremu inacheza. Kanyaga kulia, pua inakwenda kushoto. Kanyaga kushoto, inakwenda kulia. Arnold, kijana anayetengeneza mageti banda la jirani, alisema baiskeli yangu inatembea kama bata. Hakuna aliyemuuliza.

Jumanne, 10 Juni

Mzee Balwant kaniita ofisini. Karakana yote ni yake, aliirithi kwa baba yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Dalili mbaya. Akasema Arnold ameomba banda langu ili apate pa kupakia rangi mageti yake. Akasema Arnold ana wateja, mimi nina baiskeli moja isiyotoka hata langoni. Nikasema itatoka. Akauliza lini. Mdomo ukaniponza: Jumamosi ya wiki ijayo!

Masharti ni haya. Tarehe 21, saa nne asubuhi, yeye mwenyewe akiangalia. Nitoke bandani, nipite langoni, niende hadi kituo cha mafuta na kurudi. Nikiweza, banda ni langu. Nikishindwa, ni la Arnold siku hiyo hiyo.

Na nikikosa banda najua nitakapoishia. Kwa shemeji Gerson, mdogo wake mke wangu, ambaye siku hizi ni msimamizi wa saiti. Gerson! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mwiko. Alishaniambia karai langu lipo, linanisubiri, halafu akacheka.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata!

Nilikuwa kwa kinyozi. Ameshamaliza upande mmoja wa kichwa, ndipo macho yakaangukia nguzo za kibaraza chake. Kwa nini nguzo haichezi? Kwa sababu ndani ina nondo na zege. Na bomba la baiskeli yangu ndani lina nini? Hewa! Miezi minane nimekuwa nikihangaika na hewa! Nikatoka mbio na kitambaa chake shingoni.

Nondo mbili za milimita nane ndani ya bomba kuu, lile linalobeba kiti. Moja ndani ya bomba la pedeli. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kokoto zilikataa kuingia, nikazichekecha kwa chekeche la unga la Lilian, mke wangu. Nikashindilia kwa ufito hadi zege likatoa maji juu. Nikapima wima kwa pimamaji. Safi kabisa! Arnold akauliza kwa nini baiskeli imesimamishwa kwa pua. Nikamwambia haya ni mambo ya uhandisi, arudi kwenye mageti yake.

Kinyozi alikuwa ameshafunga. Nimerudi nyumbani na nywele za upande mmoja.

Jumapili, 15 Juni

Kila aliyewahi kujenga anajua: zege lisipomwagiliwa siku saba halikomai. Kwa hiyo baiskeli nimeivika magunia, naimwagilia asubuhi na jioni. Leo nimeimwagilia kabla ya ibada. Arnold, ambaye hata Jumapili haachi kunichungulia, akasema maji hayapenyi chuma. Nikamjibu maji hayapenyi lakini ubaridi unapenya. Akarudi kwenye mageti yake. Nimemshinda kwa hoja!

Kanisani nilifika mahubiri yameshaanza. Lilian akaninong'oneza, nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa namwagilia. Akafurahi mno, akanisogezea nafasi kwenye benchi. Alidhani nimemwagilia sukuma wiki zake za nyuma ya nyumba hapa Lemara, ambazo kusema kweli zimekauka. Baada ya ibada akajua ni baiskeli. Akaniita Baba Irine kwa sauti ya taratibu sana, ile ninayoiogopa. Halafu akauliza chekeche lake liko wapi. Nikamkumbuka mzee mmoja wa kanisa niliyepaswa kumsalimia, nikaenda kumsalimia.

Alhamisi, 19 Juni

Siku saba zimetimia! Magunia yametoka. Nimegonga bomba kwa nyundo. Zamani lililia kama kengele, leo limesema ko. Hiyo ndiyo sauti ya kitu cha maana.

Kuilaza chini kulihitaji watu watatu, Arnold akiwa mmoja wao. Alilalamika kiuno. Nikamwonea huruma, nikamshauri ajitunze. Tukaipeleka kwenye mizani ya muuza chuma chakavu: kilo sitini na moja! Yule bwana akaniuliza nimeleta mzigo mmoja tu au kuna mwingine. Nikamwambia hiyo ni baiskeli. Akaniomba radhi, lakini alikuwa anacheka.

Jaribio kando ya banda, Arnold akishikilia kiti. Nimekanyaga kulia: bomba kuu limetulia. Kushoto: limetulia! Lakini daftari hili halidanganywi. Pale mbele, ambapo bomba la pedeli limeungana na foko inayoshika tairi la mbele, bado kuna udhaifu. Nikikanyaga, linageuka kidogo. Na nikivuta usukani linageuka sana! Linakwenda kulia na kushoto bila hata kubisha. Zege lote lile, halafu mbele kumelegea hivyo! Nimebakiwa na siku moja.

Ijumaa, 20 Juni

Kenchi! Jibu lilikuwa juu ya kichwa changu siku zote. Paa la banda halichezi kwa sababu kenchi zake ni pembetatu. Pembetatu haina pa kwenda. Nimekata vyuma viwili, nimevichomelea kutoka bomba la pedeli hadi bomba kuu, kimoja kulia, kimoja kushoto. Mbele na nyuma sasa ni kitu kimoja.

Nimeshika usukani, nimeutikisa. Kimya! Nimeuvuta kwa mikono miwili, mguu ukutani. Haukusogea! Nikamwita Arnold, mwenye misuli ya kubeba mageti. Akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Wapi! Akaachia, akaniangalia, akauliza sasa kona nitakata vipi. Nikaona wivu ulivyomjaa machoni. Nikamwambia atafute mahali pengine pa kupakia rangi. Akasema Mungu anisaidie. Nikaitikia amina.

Lilian amenipigia pasi shati jeupe. Akasema ikishindikana nisione aibu, karai nalo ni kazi, na Gerson si mtu mbaya. Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililoniuma. Sitaki karai. Sitaki kumwita Gerson bosi mbele ya vibarua. Nina miaka arobaini na saba na nataka kitu kimoja kiitwe changu kabla kiuno hakijakatika. Nimemwambia kesho aniandalie chakula cha mshindi.

Jumamosi, 21 Juni

USHINDI!

Nianze mwanzo. Wiki nzima Mlima Meru ulijifunika wingu, leo umetoka wote kuangalia. Shati jeupe. Saa tatu na nusu baiskeli iko mlangoni mwa banda. Kutoka hapo uwanja wa karakana unateremka hadi kwenye ukuta wa barabarani. Lango lipo kushoto, inabidi upinde kidogo. Ukienda moja kwa moja unaukuta ukuta, na leo ukutani Arnold alikuwa ameegemeza geti jipya lenye vichwa viwili vya simba. Mteja alikuwa amekuja kulichukua na pikapu: Mzee Lerionka, mfugaji wa Oldonyo Sambu. Mzee Balwant alisimama langoni na kikombe cha chai.

Saa nne kamili, Arnold kashikilia kiti, nikakanyaga.

Jamani! Hakuna kucheza! Hakuna kuyumba! Kila nguvu ya mguu ilikwenda kwenye tairi, na mteremko ukaongezea ya kwake. Sijawahi kupata kasi ile katika maisha yangu. Furaha ilinijaa hadi nikasahau kushoto. Nilipokumbuka, nikavuta usukani. Usukani, kama nilivyoutengeneza, haukusogea. Mzee Balwant alininyooshea lango kwa mkono wenye kikombe. Niliona lango. Lilipita pembeni yangu likiwa wazi kabisa.

Kishindo kilisikika hadi kituo cha mafuta, kwa hiyo kwa namna fulani tulifika.

Geti limejikunja katikati. Simba mmoja amerukia ndani ya pikapu. Mimi nimechubuka goti na shati limebaki mkono mmoja. Baiskeli: haina hata mkwaruzo! Mzee Balwant alileta rula yake ndefu ya chuma, akailaza juu ya bomba kuu, akafumba jicho moja. Halikupinda hata milimita. Akasema tangu enzi za marehemu baba yake hajaona kitu cha kijinga kilichonyooka hivi. Nimeyaandika maneno yake yalivyo, maana mzee yule hasifii ovyo.

Mzee Lerionka ndiye aliyenishangaza. Aliizunguka baiskeli mara mbili, akaigonga kwa fimbo, akasikiliza. Akasema madume yake ya ng'ombe yameshavunja nguzo za boma mara tatu. Akasema geti litasubiri, kwanza anataka nguzo ishirini za namna hii hii, na akauliza fundi ni nani. Nikanyoosha mkono nikiwa bado chini.

Mzee Balwant aliibana rula yake kwapani. Halafu akatamka mbele ya wote: banda nibaki nalo! Nitengeneze nguzo, na nimsaidie Arnold kunyoosha geti. Akaongeza kwamba asinione tena nikikanyaga pedeli ndani ya karakana yake. Hilo alilisema kwa ukali, nadhani kwa sababu chai ilikuwa imemwagikia kanzu. Nilimpa Arnold mkono. Hakuupokea, alikuwa ameshika kichwa cha simba.

Nikampigia Lilian. Akaanza kulia. Halafu akacheka, halafu akauliza kama goti linatoka damu. Kisha nikampigia Gerson, nikamwambia lile karai ampe mtu mwingine. Sijui kama kuna mwanamume Arusha nzima aliyekula pilau kwa raha kama mimi leo.

Jumanne, 24 Juni

Nguzo sita zimeshajazwa na kuvikwa magunia. Mzee Lerionka amepiga simu kuulizia maendeleo, akaniita Injinia. Nimemwomba arudie, mtandao ulikuwa unasumbua kidogo.

Lakini nimekuwa nikiwaza. Kila mtu anasema baiskeli ilikosea kwa kuwa haikupinda. Lilian kasema. Arnold kasema, mara nne. Hata Gerson, aliyekuja jana kuona nguzo na akaondoka bila kucheka, naye kasema. Wote wamekosea! Baiskeli ilikwenda ilikoelekezwa, bila kuyumba, kwa kasi nzuri. Kama kitu kimenyooka na njia imepinda, tatizo ni la nani? Ni la aliyeweka lango kushoto!

Mzee Balwant yuko Moshi kwenye harusi ya mpwa wake hadi kesho. Nikaona nimfanyie jambo zuri kabla hajarudi. Ukuta wa mbele ni tofali za inchi sita, na mimi ni fundi ujenzi. Nimeanza na nyundo kubwa saa moja asubuhi. Tundu limeshafika usawa wa kifua na naiona barabara vizuri. Kuhusu lile katazo la pedeli, nimelifikiria: pasipo na ukuta, huwezi kusema mtu yuko ndani. Arnold amekimbilia barabarani na simu sikioni. Bila shaka anawaita watu waje kushuhudia.

Ng'ambo ya barabara kuna ukuta mwingine. Nao ni wa matofali tu.