Sina Kosa Hata Moja

Jumatatu, 4 Oktoba 1954. Hasamba.
Mvua ya kwanza imeshuka, mibuni yote imetoa maua. Harufu yake! Mwalimu Mkuu Barnaba katuita mimi na Efraimu, walimu wasaidizi tusio na cheti. Chuo cha ualimu kinachukua mmoja tu kati yetu. Atakayebaki atarudi shambani, maana mwakani wanakuja wenye vyeti. Mungu wangu! Miaka mitatu nafundisha darasa la kwanza, leo nirudi kwenye jembe?

Akaeleza alama. Jibu sahihi, mbili. Jibu la kosa, unapunguziwa moja. Usipojibu, hupunguziwi kitu. Michezo nayo ina alama zake. Mengine sikuyasikia. Nilikuwa natazama maua dirishani, mawazoni nimeshavaa viatu vya kamba, napiga kengele ya baiskeli, na Ferista binti Mzee Osea ananipungia mkono.

Jumatano, 6 Oktoba.
Nimegundua siri! Asiyekosea hapunguziwi. Basi sitakosea. Efraimu ana papara, atapunguziwa mpaka aishe.

Nikakutana na Ferista mtoni. Akauliza nitamtuma lini mshenga kwa baba yake. Nikamwambia avute subira, bado najiandaa. Yule mzee mkali! Nikamtume mtu arudishwe na jembe la posa mkononi? Aibu gani hiyo!

Jumamosi, 9 Oktoba.
Michezo. Kuruka juu. Mwalimu Barnaba akasema ruksa kuacha kimo usichokitaka. Ukiangusha ufito mara tatu mfululizo, umetoka. Mkilingana, mwenye makosa machache ndiye mshindi. Moyo ukaniruka kwa furaha. Siri ni ileile!

Nikaacha kimo cha kwanza. Nikaacha cha pili. Nikalala majanini kutazama mawingu yakielekea Itaka, polepole, kama na yenyewe hayana haraka. Efraimu aliangusha ufito mara ngapi sijui, huku akicheka, magoti yamejaa tope. Mwishowe naye akatoka, nikabaki mimi. Nikakiacha na kimo hicho, nikanyoosha mikono juu.

Mwalimu Barnaba akauliza nimevuka kimo gani. Nikasema hakuna, ila sijaangusha ufito hata mara moja. Akanipa sifuri. Darasa langu la kwanza likacheka mpaka likakaa chini. Washenzi wadogo! Efraimu kapata alama kumi na mbili.

Jumanne, 12 Oktoba.
Mtihani, maswali hamsini. Nimeandika jina langu kwa mwandiko ambao hata mimi nimeupenda. Swali la tatu nililijua: saba mara nane. Hamsini na sita. Lakini je, kama siyo? Nikaliacha. Nje nyuki walikuwa wanavuma kwenye mibuni, nikasikiliza kwa raha mpaka kengele ikalia. Efraimu alifuta na kufuta hadi karatasi ikatoboka. Maskini!

Jumamosi, 30 Oktoba.
Matokeo. Efraimu kapata maswali thelathini na nne, yaani alama sitini na nane, kakosa kumi na sita. Ukipunguza, hamsini na mbili. Mimi sifuri. Mwalimu Barnaba alivua miwani, akauliza kama siku ile nilikuwa mgonjwa. Nikamwonyesha karatasi yangu: haina wino mwekundu hata nukta. Ya Efraimu imejaa mikwaju mitupu! Anakwenda chuoni yeye. Dunia hii haina haki.

Jumapili, 7 Novemba.
Maua yamepukutika. Kanisani imetangazwa ndoa ya Efraimu na Ferista.

Nilimkuta Ferista mlangoni, nikamuuliza imekuwaje. Akasema mshenga wa Efraimu alikwenda mara tatu. Mara mbili Mzee Osea alimrudisha na jembe lake, mara ya tatu akalipokea. Akasema baba yake humkataa kila mtu mara ya kwanza, ndiyo desturi yake. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, kwamba mwaka mzima alikuwa ananingoja mimi nije nikataliwe.

Nimelia nyuma ya ghala la kahawa. Nimelia kweli.

Sasa nimetulia, nimepiga hesabu. Efraimu kakataliwa mara mbili. Mimi sijakataliwa hata mara moja. Tena Ferista ana mdogo wake, Ruti, leo kanitazama vizuri sana. Sitamwambia neno.