Vita vya Alizeti Kumi na Tano Katika Gredi ya Tano, Karagita

Kitendawili! Itikieni kwa sauti, msijibu kama watu walionyimwa chai. Kitendawili! Shamba langu liko ukutani, halijanyeshewa hata siku moja, na maua yake yalinyauka kabla babu wa babu yako hajaota ndevu, lakini mpaka leo hakuna jani lililodondoka. Mmeshindwa? Nipeni mji, basi. Mmenipa Nakuru? Asanteni, huo ni mji wa kushukuru. Nimekwenda Nakuru, nimepanda Menengai nikachungulia shimo lake, nimeteremka nikala viazi vya Molo, nimerudi nimeshiba. Jibu lake ni picha.

Kwa ajili ya picha hiyo, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wakata waridi na wafunga mashada, acheni hayo maharagwe mnayochambua na mtege masikio! Nawapa habari za Chepkurui binti Kipketer, mshika chaki asiyerudi nyuma, mama wa walioitwa wajinga, jinsi alivyosimama peke yake mbele ya jeshi la watoto hamsini na wawili, na nyuma yake akatokea adui mwingine, mwenye funguo.

Huyo mwenye funguo ni Mwalimu Mkuu Ogada, jemadari wa hesabu. Alikuwa akikinyemelea kipindi cha Sanaa cha Alhamisi kwa mihula miwili, kama mwewe anavyonyemelea kifaranga. Asubuhi hiyo aliweka kikombe chake chini katika chumba cha walimu, akakohoa, akanguruma:

“Mwalimu Chepkurui! Watoto hawajui sehemu, hawajui desimali, nawe unawafundisha kupaka rangi! Lakini mimi si mtu wa mabavu. Leo nitaingia darasani mwako kabla ya kengele, niulize swali moja. Mtoto mmoja akinijibu kutoka kichwani mwake, nawe hujamnong'oneza, Alhamisi ni yako mpaka nistaafu. Wasiponijibu, kipindi ni cha hesabu, na tusilaumiane.”

“Nimekubali, Mzee,” akasema Chepkurui.

Maana kipindi hicho kilikuwa mboni ya jicho lake. Ni dakika thelathini na tano tu kwa wiki, lakini ndizo dakika ambazo hata mtoto aliyeitwa mzembe tangu Jumatatu huinua kichwa. Angekipoteza, angewatazama wakiinamisha vichwa tena.

Basi baada ya mapumziko shujaa akaingia uwanjani, ngao yake ikiwa picha moja ya alizeti mtungini, iliyochapishwa kwa rangi katika saiba, duka la kompyuta, pale steji ya matatu. Adui wa kwanza alikuwa upepo wa ziwani. Chepkurui alibandika picha kwa seloteipu, upepo ukaibandua. Akabandika tena, upepo ukaipeleka mpaka kwa Fancy, dawati la tatu. Mara ya tatu akatoka nje akang'oa miiba minne ya mgunga, mirefu kama misumari, akaipigilia kwenye ubao laini kwa kisigino cha kiatu. Upepo ukasalimu amri.

“Mchoraji huyu,” akatangaza akihema, “aliitwa Vincent van Gogh.”

“Vincent!” Fancy akaruka. “Kama anko yangu wa boda?”

“Majina yanafanana, mama. Huyu alizaliwa Uholanzi.”

Vichwa vyote vikainuka, maana ni nani Karagita asiyejua Uholanzi? Waridi linakatwa hapa asubuhi, na kabla halijajua limekatwa liko Uholanzi linapigiwa mnada. Mtu wa huko si mgeni, ni karibu jirani.

“Kumbe ni bayaa, mnunuzi wetu!” akanong'ona mmoja.

Chepkurui akashika nafasi hiyo kama mpiganaji ashikavyo mlango ulioachwa wazi. Akawaeleza kwamba Vincent alikuwa mtoto wa mhubiri, kwamba alijaribu kuuza picha za wengine, akajaribu ualimu, akajaribu mahubiri, kote hakukaa. Kwamba alishika uchoraji akiwa na miaka ishirini na saba hivi, akachora kwa miaka kumi mamia kwa mamia ya picha, na watu hawakuzinunua. Kwamba ndugu yake Theo ndiye aliyemtunza, naye Vincent akamwandikia barua nyingi ajabu.

“Si ndiye alijikata sikio?” akauliza Fancy, macho yakimtoka.

“Ndiye. Alikuwa anaumwa akilini. Na mgonjwa anafanywa nini?”

“Hachekwi,” wakaitikia.

Ushindi ulikuwa umekaribia, ndugu zangu, ulikuwa hapa puani! Ndipo akainuka Makhanu, mwana wa Celestine, mrefu kama mnara wa maji, ambaye mama yake hupanga maua kwa gredi katika pakihausi, banda la kufungashia la shamba la waridi, na hakuna ua lenye kasoro lililowahi kumpita. Akaikazia picha macho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtaalamu.

“Mwalimu, kwa heshima zako zote, hizo ni rijekti.”

“Rijekti, yaani za kutupwa?”

“Ona hiyo shingo imevunjika. Ile imefunguka ikapita. Ile imebaki mbegu tupu. Mathe hawezi pitisha hiyo kitu, walai!”

Laiti mngeona! Darasa zima likamiminika mbele, masupavaiza hamsini na wawili wasio na koti jeupe. “Hiyo shina haijanyooka!” “Hiyo imekauka majani!” “Na ni kumi na tano, mimi nimehesabu! Nani hufunga kumi na tano? Ni kumi ama ishirini!” Vumbi likapanda, dawati likapinduka, na mtu asiyejua angedhani kuna lori la mizigo linapakuliwa.

Chepkurui akainua mkono apige meza, kisha mkono ukasimama hewani. Aliona jambo. Walikuwa wanatazama! Tangu shule hiyo ijengwe, hakuna aliyewahi kutazama kitu ubaoni namna ile.

“Haya, wakaguzi wangu!” akapaza sauti. “Mbele yenu kuna mzigo. Asiondoke mtu kabla hajaugredi wote, ua kwa ua, na ukutani, na mtungini!”

Wakaugredi. Waligundua kwamba maua ni manjano, mtungi manjano, ukuta manjano, “kama mtu amepika ugali ya manjano akaila kwa sahani ya manjano,” alisema Fancy, na bado kila ua lilionekana peke yake. Waligundua rangi imelundikwa nene, ukitaka unaweza kuikwangua. Hakukuwa na ua lililofanana na jingine. Hata kufa kwao kulikuwa tofauti.

Mara chwii, chwii, funguo. Ogada akasimama mlangoni.

“Mwalimu Mkuu, tumezigredi,” Fancy akaripoti kwa fahari. “Zote rijekti!”

Uso wa jemadari ukang'aa kama sufuria mpya. “Vizuri sana! Mmejihukumu wenyewe. Basi swali langu ni hili: mtu mzima, mwenye macho, maua mabichi yamejaa mashambani, kwa nini alikaa akachora rijekti ambazo hazina mnunuzi?”



“Labda mabichi yaliisha,” akajaribu mmoja.

“Nimesema yamejaa mashambani, yaishe vipi?”

“Kwa sababu alikuwa mgonjwa,” akasema Fancy.

“Mgonjwa hulala, binti.”

Mikuki miwili ikavunjika. Chepkurui alilijua jibu. Alikuwa ameliandika ukurasa wa mwisho wa daftari lake, akaliweka liwe tamu ya mwisho, na sasa hakuruhusiwa kulitamka. Akaufunga mdomo mpaka meno yakauma. Huko nje mtoto wa zamu alikuwa ameokota chuma, anaelekea kwenye rimu ya lori inayotumika kama kengele.

Makhanu hakuwa akicheka tena. Alikuwa ameuacha ule mzigo wa maua, anautazama mtungi. Polepole akainua mkono.

“Wewe uliyesema rijekti?” akauliza Ogada.

“Mimi, Mwalimu. Na bado ni rijekti.”

Sasa andikeni, enyi mnaojua kuandika, na msiojua mwambieni anayejua! Andikeni kwamba siku hiyo, katika chumba cha mabati kinachotazama ziwa, kabla chuma hakijagusa rimu, jemadari wa hesabu alirudi nyuma hatua moja, na kesho yake alitia kipindi cha Sanaa kwenye ratiba kwa kalamu ya wino, si ya risasi. Andikeni kwamba Chepkurui binti Kipketer alifungua daftari lake ukurasa wa mwisho, akamshikia Mwalimu Mkuu ajisomee, na jibu lililokuwamo ndilo lililokuwa likitoka kinywani mwa mtoto ambaye hakuwahi kuliona.

“Mathe huleta zile zimekataliwa,” alisema Makhanu. “Chumba yetu ni moja, haina kitu. Lakini siku nyanya anatoka Bungoma kututembelea, Mathe anazipanga kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo, hata zikiwa zimeinama, anaweka mahali mtu akiingia ataona kwanza. Si za kuuza, Mwalimu. Huyu Vincent alikuwa anangoja mgeni.”