Kifurushi Kisichowekwa

"Tumekwisha!" Machage alitua kijiweni pale Nyakunguru, hata salamu hakutoa. Tunamwita Karasha, maana mdomo wake unasaga mchana kutwa kama ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. "Duara letu, shimo letu la dhahabu, linakwenda! Elieth wa steshenari anasoma!"

"Kusoma ni kosa?" akauliza Mzee Nyangwine, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wachimbaji.

"Tata, mwisho wa kuomba leseni ni leo saa tisa! Wale wachimbaji wa Nyarero wanalitaka duara hilohilo. Tumempa vipimo vya GPS achore ramani, yeye anasoma maelezo ya programu ya kuchorea. Kurasa arobaini! Na programu yenyewe hajaiweka kwenye kompyuta!"

Omondi, tunayemwita Sirari, kama ule mji wa mpakani, kwa sababu nusu ya ukoo wake iko ng'ambo ya mpaka, akagonga kikombe. "Omera, ndugu zangu! Si aiweke tu? Huyu dada anatufanya wajinga."

Mimi nikasukuma kahawa yangu kando. Niliuza ng'ombe wawili nikachangia shimo lile, na mke wangu hajui hadi leo.

Mara Elieth huyo, laptopu kwapani. "Shikamoo tata."

"Marahaba. Hebu tueleze, mwanangu."

"Kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux, imechoka, nafasi imebaki kiduchu. Nikijaza kitu nisichokijua inakufa. Kwa hiyo nimefungua kifurushi bila kukiweka, nikasoma kilichomo."

Simu zote zikatoka mifukoni.

"Umefungua kifurushi bila kukiweka?" Karasha alimsogelea. "Cha wiki au cha mwezi? Jibi ngapi?"

"Ongeeni polepole, watu wa mtandao watasikia!" Sirari akanong'ona.

"Jamani, si cha intaneti! Programu inakuja imefungwa pamoja na kitabu chake. Nimechomoa kitabu, programu nimeiacha humohumo. Ni kama kusoma karatasi ya dawa kabla ya kumeza."

"Mimi nameza tu," Karasha akasema. "Karatasi nawashia jiko."

"Na kitabu kinasemaje?" Mzee akauliza.

"Kinasema namba ya mashariki inatangulia, ya kusini inafuata. Nyinyi mmeniandikia kusini kwanza. Ningeingiza hivyo hivyo, duara lenu lingeangukia Aljeria."

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Nikashusha pumzi; ng'ombe wangu wamepona! Ila Karasha hakucheka. Karasha yule yule, mdomo umezima.

"Mura, kijana wangu, vipi?" Mzee akamtazama.

"Asubuhi nilipitia Tarime mjini, tata. Kuna jamaa ana kompyuta ya kasi, hasomi kitu. Aliweka programu, akaingiza namba zetu kama zilivyo, akatuma. Dakika tano tu."

"Akatuma wapi?"

"Ofisi ya leseni. Nilitaka niwatishe kwanza, kisha niwafanyie sapraizi." Akatoa simu. Elieth akaipokea, akasoma kwa sauti: "Ombi limepokelewa. Kila kikundi kina ombi moja tu. Halirekebishwi."

Sirari akavua kofia kama yuko msibani. Mimi machozi yalinilenga, sikuona haya.

Mzee Nyangwine alimaliza kahawa yake taratibu, akachukua fimbo, akasimama.

"Karasha, anza kujifunza Kiarabu. Wewe ndiye utakayetupeleka mgodini."