Kompyuta ya Saluni na Mashairi ya Mwalimu

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeingia rasmi kwenye uandishi! Mwalimu wa maktaba amenikabidhi blogu ya klabu ya wasomaji kwa wiki moja ya majaribio. Nikiboronga, inakwenda kwa kiranja wa darasa, ambaye hajawahi kumaliza kitabu ila ana sauti. Mimi sina sauti. Nina vitabu.

Mpango: nisiandikie shuleni, watu wanachungulia. Nimepata programu ya kublogu inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Unaandika rasimu zako kwa raha bila intaneti, ukiridhika unabonyeza "Chapisha". Nimeiweka kwenye kompyuta ya saluni ya shangazi, nyuma ya kabati la taulo. Shangazi kasema sawa mwanangu, ila nikimkatia wateja muziki atanikalisha kwenye mashine ya kukaushia nywele mpaka nikauke mwenyewe.

Kasoro ndogo: kompyuta ikizimwa, saa yake inarudi nyuma miaka kumi na mitatu. Binamu yangu Waya, anayetengeneza kila kitu, hata kisichoharibika, kasema betri ndogo ya ndani imekufa. Nimemjibu kwamba sikuja hapa kutazama saa.

Jumanne, 10 Juni

Nimechapisha uchambuzi wangu wa kwanza wa riwaya. Programu ikaandika: Imefanikiwa! Nikafungua blogu kwenye simu ya shangazi. Hamna kitu. Nikachapisha tena. Hamna. Mara ya tatu, vilevile.

Kiranja kanikuta mlangoni mwa darasa, kauliza mbele ya watu kama blogu yangu inasomwa kwa miwani maalumu. Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa adabu.

Jioni, kwa hasira, nimeandika rasimu ya siri, ya kujipoza moyo tu: "Kwa Nini Mashairi ya Mwalimu wa Maktaba Yananitia Usingizi". Kazi yangu bora kabisa. Sitaichapisha kamwe.

Jumatano, 11 Juni

Balaa! Kompyuta imeganda. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, kama mpiga kinanda. Kimya. Nikazidisha. Mara ikazinduka, ikatii kila nilichobonyeza, kwa mpigo mmoja. Ikafungua rasimu ya siri. Ikaichapisha. Imefanikiwa! Kisha intaneti ikakatika.

Siwezi kuifuta. Siwezi hata kuiona. Shangazi kauliza mbona natiririka jasho na mashine hazijawashwa. Nimesema ni kusoma sana.

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu kaja kunitafuta darasani. Nikaandaa kilio. Kumbe anasema ameifungua blogu jana na leo asubuhi, hakuona hata neno langu moja, je, naumwa? Nikamwambia nashukuru sana, mwalimu, nashukuru mno. Kanipa mpaka kesho.

Nikakimbia saluni. Intaneti imerudi, Waya yupo. Nikamweleza yote, isipokuwa kichwa cha andiko. Kauliza swali moja tu: wewe, umetazama mwisho kabisa? Akashusha ukurasa, akashusha, akashusha. Yote yalikuwa huko, chini ya kila kitu! Programu imeyapiga tarehe ya kompyuta, na blogu huweka ya zamani mwisho. Kwa tarehe hizo nilimchambua mwalimu nikiwa na miaka mitatu, klabu yenyewe haijaanzishwa. Nani angefika huko?

Nimeifuta. Hakuna aliyeisoma, isipokuwa Waya, ambaye kasema mashairi hayo yalimlaza hata yeye, pamoja na darasa zima la mwaka wake. Nikamkumbatia. Sote wawili tuliona haya.

Ijumaa, 13 Juni

Raha iliyoje! Waya kaweka betri mpya, karekebisha saa. Nikachapisha upya uchambuzi wangu, ukakaa juu kabisa, na tarehe ya leo. Mwalimu kausifu, kanipa blogu muhula mzima. Kiranja kapita mbio, miwani hakuitaja. Mchana nimekula sahani mbili.

Waya kanishauri kama mkubwa wangu: mambo ya siri yaandike kwenye karatasi, usiyaweke karibu na kitufe cha kuchapisha. Ushauri wa maana sana. Nimemshukuru kwa dhati.

Alipoondoka nikafungua programu, nikaanza rasimu mpya: "Mabinamu Wanaojifanya Wanajua Kila Kitu". Imeanza vizuri ajabu. Ila kompyuta imeganda kidogo. Ngoja niibonyezebonyeze.