Kuku Sitini wa Harusi ya Halima

Jumatatu, 27 Mei
Vifaranga sitini wamefika! Wa njano, laini, kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Nimewatoa Dumila kwa jamaa mwenye pikapu. Shemeji Abdulswamad, mdogo wake mke wangu, jirani yetu na mfugaji wa kuku, wa kwake aliwaagiza kwa wakala, kwa fomu, akasubiri wiki mbili. Fomu! Mimi nimewapata papo hapo, kwa bei ambayo jamaa mwenyewe aliitaja huku akitazama pembeni.

Niandike hapa yaliyotokea Ijumaa. Kikao cha harusi ya binti yangu Halima. Abdulswamad akasema kwa upole wake ule kwamba kuku wa pilau ataleta yeye. Sijui nini kiliniinua kitini. Nikatangaza kwamba kuku wote sitini watatoka uani kwa baba wa bibi harusi. Wazee wakaitikia kwa furaha. Mke wangu Mwanahawa akaniangalia tu. Nilistaafu ukarani mwaka jana, na mnyama pekee niliyewahi kumfuga ni paka, akahama.

Harusi ni tarehe 6 Julai. Siku arobaini. Kuku wa nyama huwa tayari kwa siku thelathini na tano. Nina siku tano za ziada. Sasa moyo unanienda mbio kwa nini?

Jumapili, 2 Juni
Baridi imeshuka kutoka mlimani. Asubuhi vifaranga walirundikana kona moja, wakakanyagana. Nikaongeza jiko la pili la mkaa. Wakaanza kuhema, midomo wazi. Nikalitoa. Wakarundikana. Nikalirudisha. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimelibeba mara tisa na nyusi moja imeungua.

Wawili wamekufa. Nimewazika nyuma ya mpapai kabla Mwanahawa hajatoka jikoni. Nitaendelea kusema sitini. Si uongo. Ndiyo idadi niliyoanza nayo.

Jumatano, 12 Juni
Nimepima uzito kwa mzani wa jikoni. Nimepima tena. Nimeugonga mzani. Nimepima tena.

Vifaranga wa Abdulswamad walifika siku moja na wangu. Nimewachungulia juu ya ukuta: wamekaa, wanakula, wanene kama wageni wa Idi. Wangu hawakai. Wanakimbia, wanaruka, mmoja ametua begani kwangu nikiwa nawawekea maji. Nimemwambia Mwanahawa kwamba hiyo ni dalili ya afya. Akaniuliza kama wageni watakula afya. Kisha akauona mzani wake. Sitayaandika aliyoyasema.

Jumanne, 18 Juni
Idi imepita. Nyama ya mbuzi nimeila bila kusikia ladha.

Nimefikiri sana. Chakula nawapa. Chanjo zote nimewapa. Kilichobaki ni jicho. Abdulswamad kila asubuhi hupita, hunipa shikamoo kwa adabu inayoniudhi, kisha hulitazama banda langu na kusema mashallah. Anatazama nini? Nimefunika banda lote kwa pazia, asione kitu.

Alasiri. Kumbe pazia lenyewe ni jipya, la sebuleni, limenunuliwa kwa ajili ya wakwe. Mwanahawa amelikuta na matundu. Kuku wamelidonoa. Halima alicheka mpaka akakaa chini, mama yake hakucheka hata kidogo.

Jumanne, 25 Juni
Balaa. Bi Mwaisha, shangazi yake mke wangu na mwenyekiti wa mambo ya jikoni, atakuja keshokutwa kukagua kuku. Kukagua! Siku ya ishirini na tisa leo, na kuku wangu ni wakubwa kama njiwa. Njiwa wembamba. Jana watatu walilala juu ya bati. Usingizi sina, chai hainishuki.

Abdulswamad keshokutwa anakwenda shambani Mgeta. Nina wazo.

Alhamisi, 27 Juni
Bi Mwaisha alikuja saa nne. Nikampa shikamoo, nikampitisha mlango wa nyuma, ule unaotokea kwa Abdulswamad. Yeye macho hayaoni vizuri na nyumba zetu zimebanana, hakujua amevuka ua. Nikamfungulia banda la shemeji. Akamwinua kuku mmoja kwa mikono miwili. Akaguna. Akasema kumbe ndani ya Sufiani, yaani mimi, kuna mfugaji na watu wamekaa naye miaka yote bila kujua. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nilipokiinua, Abdulswamad alikuwa mlangoni. Gari la Mgeta limeharibika njiani, amerudi, kabichi mbili mkononi.

Bi Mwaisha akamwambia aje ajifunze, aone shemeji yake anavyofuga. Abdulswamad akalitazama banda lake. Akawatazama kuku wake. Akanitazama mimi.

“Ndiyo, shangazi,” akasema. “Kwa shemeji najifunza kila siku.”

Akampa kabichi moja, akaondoka. Laiti angenitukana!

Jumatatu, 1 Julai
Nimeshindwa kuvumilia, nimemwita Devotha, afisa mifugo wa kata. Alimshika kuku mmoja, akamgeuza, akaangalia kishungi, akaangalia miguu mirefu. Kisha akaketi juu ya ndoo na kujifunika uso kwa mikono. Nikadhani ni ugonjwa mbaya. Alikuwa anacheka.

“Mzee wangu, hawa si kuku wa nyama. Hawa ni majogoo wa kuku wa mayai.”

Amenieleza. Wakiwa vifaranga ni wa njano vilevile, ndiyo maana wajanja huwauzia wasiojua. Hata niwape chakula gani, hata niwapimie mzani gani, watahitaji miezi minne au mitano. Nikamwambia nina siku tano. Akaacha kucheka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Wakati namsindikiza, nikaona gari nje kwa Abdulswamad. Kreti za kuku zinapakiwa, zinakwenda hotelini. Kreti baada ya kreti. Nimesimama barabarani mpaka gari likapotea. Jogoo wangu mmoja akajaribu kuwika juu ya bati. Sauti kama bawaba kavu.

Jumatano, 3 Julai
Nimemwambia Halima. Nilianza na jamaa wa Dumila, nikapitia baridi, nikagusia jicho, na mwisho nikakosa pa kwenda nikasema mwanangu, kuku hawapo. Nimekuaibisha mbele ya wakwe.

Alikuwa anakunja kanga. Akaiweka kando.

“Baba, mimi naolewa na Kibwana. Siolewi na kuku.”

Akanishika mkono. Sikumbuki mara ya mwisho kunishika mkono, labda alipokuwa darasa la pili. Akaniongoza hadi kwa mjomba wake. Njiani niliandaa maelezo ya aina tatu, na katika yote kosa halikuwa langu.

Abdulswamad hakuniuliza chochote. Alifungua banda la ndani. Kuku sitini, wazito, wamekaa kimya.

Akasema hao ni wa Halima tangu siku ya kikao. Alijua akisema nitakataa tena mbele za watu, kwa hiyo vifaranga wake walipofika akatenga sitini, akanyamaza.

Machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi la maranda yaliyotandikwa bandani. Abdulswamad akakubali kwamba maranda ya mwaka huu yana vumbi sana.

Jumapili, 7 Julai
Halima ameolewa. Alipendeza mpaka nikasahau kuogopa, kwa muda wa robo saa nzima.

Pilau ilisifiwa. Bi Mwaisha akasimama, akatangaza kwamba kuku wote wamefugwa na Sufiani, baba wa bibi harusi. Vigelegele! Abdulswamad alikuwa anapita na sinia kichwani, anahudumia wageni, jasho linamtiririka. Nikaona leo lazima niseme ukweli. Nikasimama. Nilisimama kweli kabisa. Wakanipa kipaza sauti. Watu mia tatu wakanyamaza, wananitazama kwa heshima ambayo sikuipata kwa miaka thelathini ya ukarani.

Nikasema asanteni sana.

Baadaye Mzee Rehani, mjomba wa bwana harusi, akanivuta pembeni. Ana mgahawa, anatafuta mtu mwaminifu wa kumletea sungura. Amezunguka Morogoro nzima, hajampata. Aliniuliza kama na sungura nawaweza.

Nimemwambia ninao arobaini, atume mtu Jumatano.

Asubuhi hii nimeanza kuulizia sungura wanakula nini.